Jenga Nyumba Utakayoihamia

Ukitoka katikati ya Dar es Salaam kwenda Chanika, Kivule, Bunju au Kigamboni ya ndani, utayaona mapagale karibu kila mtaa. Kuta zimeishia usawa wa madirisha, mipapai imeota sebuleni, nondo za nguzo zimechomoza juu na kushika kutu. Kila pagale lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ni mchapakazi: mwalimu, dereva wa malori ya Tunduma, mama mwenye mgahawa, kijana aliyeko Muscat anayetuma fedha kila mwezi. Amezika pale akiba ya miaka. Na wakati mvua inaendelea kuosha ukuta wake, yeye bado analipa kodi ya miezi sita mbele kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Makala hii ni kwa ajili ya anayetaka kuanza kujenga, na kwa aliyekwisha kuanza akakwama.

Hapa Tanzania sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na zipo benki zinazokopesha. Lakini walio wengi bado wanajenga kwa mshahara, kwa kikoba, kwa mavuno ya korosho au kwa faida ya duka. Mwezi huu wananunua tripu ya mchanga, mwezi ujao mifuko kadhaa ya saruji. Ukuta ndiyo benki yao. Njia hiyo ni nzuri na imewapa mamilioni ya Watanzania pa kulala. Taabu huanza pale mtu anapochora nyumba ya fedha za mkupuo, kisha akaijenga kwa fedha za kudunduliza.

Shauri langu kubwa ni hili: ikiwa fedha zako zinakuja kwa hatua, nyumba yako nayo ichorwe kwa hatua, na kila hatua iwe kitu kilichokamilika, kinachoweza kusubiri mwaka mzima bila kuharibika. Fedha za mwanzo ziende kwenye yale ambayo ukiyakosea huwezi kuyarudia: ardhi, msingi, njia za maji, paa. Yanayoweza kubadilishwa baadaye yangoje zamu yake.

Kiwanja kabla ya tofali

Hakuna msingi utakaoponya kiwanja chenye mgogoro. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe unapewa haki ya kuimiliki kwa muda, kwa hati ambayo kwa kawaida ni ya miaka 33, 66 au 99. Mijini, kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, ipo leseni ya makazi. Vijijini ipo hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, lakini haimgeuzi muuzaji kuwa mmiliki ikiwa hakuwa.

Kwa hiyo, kiwanja chenye hati kiombee upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Huko utajua jina la mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lililoandikishwa. Kiwanja kisicho na hati kiulizie kwa majirani wa pande zote nne, na wao wawe mashahidi siku ya kuandikishana. Kikiwa mali ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Kikiwa cha mtu mwenye ndoa, mwenza wake aridhie na asaini, tena aje mwenyewe badala ya kuwakilishwa na shemeji.

Baada ya kumjua mwenye ardhi, ijue mipaka ya serikali na ya maji. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na baadhi ya familia zilikuwa zimekaa pale miaka mingi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2015, zilibomolewa nyumba za Bonde la Msimbazi, bonde lililofurika vibaya Desemba 2011. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Dalali hatakuambia hayo. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uonyeshwe kwenye mchoro kiwanja kiko eneo gani: makazi, barabara, shule au uwanja wa wazi. Uliza pia kama njia kuu ya umeme inapita hapo.

Kisha kikague mwenyewe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Udalali hushamiri kiangazi, wakati kila bonde limekauka. Tazama mistari ya maji kwenye kuta za majirani, na uangalie kama matete yameota karibu. Chukua udongo mkononi: mfinyanzi mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana kiangazi huvimba na kusinyaa, na hupasua nyumba isiyo na msingi wa kuuhimili. Waweza kujenga juu yake, lakini kwa ushauri wa mhandisi na kwa gharama kubwa zaidi ya msingi. Gharama hiyo ihesabu kama sehemu ya bei ya kiwanja.

Na amka siku moja ya kazi, uwe kiwanjani saa kumi na moja alfajiri. Jionee daladala zinavyopatikana, bodaboda inavyotoza kufika lami, na watoto wanavyokwenda shule. Nauli ya kila siku ya watu wanne ni gharama ya nyumba pia.

Chora maisha yenu

Siku hizi watu wengi huanza na picha kwenye simu. Picha ni nzuri kwa kuchangamsha moyo, ila ramani inapaswa kutoka kwenye maisha ya watu watakaolala humo. Kaeni familia nzima mjibu maswali. Mama akizeeka na kuja kuishi nanyi, atalala chumba gani, na atapanda ngazi ngapi kwenda chooni? Wageni kutoka kijijini watatumia choo kipi? Jiko la mkaa na la kuni litakaa wapi, maana hata wenye gesi huchemsha maharage nje? Siku ya msiba au ya sherehe, maturubai yatafungwa wapi na wanawake watapikia upande gani? Nyumba isiyo na uani wala baraza hugeuka kero katika jamii yetu hata ikiwa na marumaru za kung'aa.

Fikirieni jua na upepo, kwa sababu hivyo ni vya bure. Katika nchi yetu jua hupita juu karibu na utosi, na jua la mchana kuelekea jioni ndilo linaloingia chumbani na kuacha ukuta wa moto hadi usiku. Upande mrefu wa nyumba ukitazama kaskazini na kusini, na upande wa magharibi ukiachiwa stoo, bafu au ukuta wenye madirisha madogo, vyumba vya kulala vitapoa mapema. Pwani tuna kaskazi na kusi. Madirisha yakielekeana chumbani, upepo hupata njia ya kuingia na ya kutoka. Ukilifanya hilo kwenye karatasi hulipii chochote. Ukilisahau, utalilipia kwa feni na kiyoyozi miaka yote.

Umbo la nyumba nalo lina bei. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na ukuta wa nje wa mita 40. Nyumba ya mita 20 kwa 5 ina mita za mraba zilezile 100, lakini ukuta wake wa nje ni mita 50. Kwa ukuta wa kimo cha mita 3, hizo ni mita za mraba 30 za ziada, yaani karibu tofali 300 za inchi 6, pamoja na msingi wake, plasta ya pande mbili na rangi. Kila kona unayoongeza ili nyumba ipendeze kutoka barabarani huongeza ukuta, na juu yake huongeza bonde la paa, na mabonde ya paa ndiyo huvuja. Nyumba ya mstatili mpana, yenye paa la kawaida na bati lililotokeza vizuri nje ya ukuta, ni rahisi kujenga na hulinda plasta na madirisha dhidi ya mvua. Paa lililofichwa nyuma ya ukuta limekuwa mtindo, lakini linategemea mifereji ya ndani iliyojengwa kwa ustadi na kusafishwa kila msimu. Kama fundi wa kuaminika wa kazi hiyo hayupo, acha mtindo huo.

Chora nyumba yote, hata kama utaijenga kwa miaka kumi. Ramani kamili ndiyo itakayokuonyesha chumba cha kwanza kikae wapi ili cha tatu kiunganishwe bila kubomoa. Wengi mjini huanza na nyumba ndogo ya uani yenye vyumba viwili na choo, wakahamia, kisha wakaijenga kubwa mbele wakiwa wanalala kwao. Wengine hujenga nusu ya nyumba kubwa: chumba kimoja chenye choo, sebule na jiko. Njia zote mbili ni nzuri mradi zionekane kwenye ramani tangu mwanzo, na ramani hiyo ndiyo upeleke halmashauri kuombea kibali cha ujenzi. Ukijenga bila kibali, unaweza kusimamishwa fedha zote zikiwa zimeshaingia ardhini.

Kwa nyumba ya chini, mchoraji mwenye taaluma na fundi mzoefu wanaweza kukufikisha salama. Kwa ghorofa, usikubali kuanza bila mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mkandarasi aliyesajiliwa na bodi yake. Jengo lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, liliua zaidi ya watu 30. Nondo na zege haviwezi kukisiwa kwa macho.

Pa kusimama, na pasipo pa kusimama

Hapa ndipo mapagale yanapozaliwa, kwa hiyo naomba tuende taratibu. Anayejenga kwa kudunduliza lazima atasimama njiani. Ada zitafika, mtu ataugua, biashara itayumba. Swali la kujiuliza mapema ni utasimama wapi.

Kituo cha kwanza salama ni jamvi. Msingi umejengwa, kifusi kimejazwa ndani na kushindiliwa kwa maji tabaka kwa tabaka, dawa ya mchwa imepigwa, karatasi ya nailoni imetandikwa, na zege la sakafu limemwagwa juu yake. Hapo nyumba inaweza kukaa miaka bila kudhurika. Msingi ulioachwa wazi ni jambo jingine: maji hutuama ndani, hulainisha udongo ulioubeba, na mvua hula udongo wa nje hadi tofali za chini zinaning'inia. Kwa hiyo usianze kuchimba kama fedha hazifiki jamvini. Ziweke, ongeza, chimba mwakani.

Kituo cha pili ni paa. Kati ya jamvi na bati, kila pa kusimama pana hasara. Ukuta usio na lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga nyumba juu ya milango na madirisha, unasimama kila kipande peke yake, na upepo mkali au mtikisiko unaweza kuuangusha. Ukuta wenye lenta lakini usio na paa hunywa mvua kila msimu, na udongo wa saruji uliounganisha tofali huoshwa kidogo kidogo. Kenchi zilizopigwa zikaachwa bila bati hupinda kwa jua, na mbao zilizotiwa dawa nazo hupoteza nguvu zikilowa na kukauka mara nyingi. Hesabu ukuta, lenta, mbao na bati kuwa mzigo mmoja. Kama huwezi kuubeba wote kwa nyumba nzima, ubebe kwa nusu ya nyumba.

Ikibidi usimame katikati kwa dharura, punguza hasara. Funika vichwa vya kuta kwa tabaka la saruji ili maji yasipenye. Nondo zilizochomoza zipake uji wa saruji au zifunge kwa nailoni. Ondoa miche inayoota kwenye nyufa kabla mizizi haijawa minene. Chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi.

Kituo cha tatu ni kufunga nyumba: milango ya nje, madirisha yenye grili, choo kinachofanya kazi, maji na umeme. Kikifikiwa, hamia. Hilo nitalirudia mbele.

Yapo mambo madogo ambayo lazima yafanyike kabla ya kila kituo kufungwa, kwa sababu baada ya hapo yamefukiwa. Kabla ya jamvi, mabomba ya maji machafu yawe yamepita chini na kujaribiwa kwa kumwagiwa maji. Kabla ya plasta, mabomba ya nyaya yawe ndani ya ukuta, hata kama nyaya zenyewe zitakuja baadaye. Piga picha kila ukuta kabla haujapigwa plasta, rula au futi ikionekana pembeni. Miaka mitano mbele utajua bomba limepita wapi kabla hujatoboa. Kwa umeme tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na usibane unene wa nyaya wala waya wa ardhini, maana waya mwembamba uliozikwa ukutani huchoma nyumba.

Karo na shimo la maji machafu vipange siku ileile unayopanga kisima. Umbali wa mita 30 kati ya kisima na shimo la choo ni wa kuheshimiwa. Sasa tazama kiwanja cha mita 20 kwa 20: hata ukienda kona kwa kona, unapata mita 28 na kidogo. Maana yake ni kwamba kwenye kiwanja cha aina hiyo huwezi kukilinda kisima chako peke yako. Shimo la jirani nalo linahusika. Ongeeni majirani mkubaliane mashimo yote yakae upande mmoja wa viwanja, na maji ya kisima kifupi yatumike kufua na kujengea, ya kunywa yachemshwe au yatoke bombani.

Saruji, mchanga na maji

Tofali bovu halitambuliki kwa macho likishapigwa plasta. Kwa mfuko wa kilo 50, mafundi waangalifu hutoa tofali za inchi 6 zipatazo 25 hadi 30. Ukisikia mfuko umetoa 50, huo ni mchanga uliogandishwa. Ukinunua zilizo tayari, chukua moja uiachie kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Isivunjike vipande vipande. Kwangua kwa msumari; isimumunyuke. Ukifyatua mwenyewe kiwanjani, zimwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, chini ya kivuli. Fundi hupenda kuziwahi, mzuie.

Zege nalo ni hivyohivyo. Mchanganyiko wa kawaida kwa nguzo, lenta na jamvi ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa kupima na ndoo ileile badala ya kukisia kwa koleo. Maji yasizidi kiasi cha lita 25 kwa mfuko mmoja. Zege la majimaji humwagika kirahisi na humpunguzia saidia fundi jasho, lakini maji yale ya ziada yakishakauka huacha matundu ndani, na nguvu yake hushuka. Baada ya kumwaga, lilinde lisikauke haraka: lifunike kwa magunia yaliyolowa. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Usilitwishe mzigo mzito kabla.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, wala maji ya chumvi ya visima vya karibu na bahari. Chumvi hula nondo ndani ya zege, na dalili zake hutokea miaka baadaye, zege linapoanza kubanduka na nondo kuonekana.

Kuhusu kununua mapema: saruji usiilimbikize. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza nguvu, na ikigusa sakafu au ukuta wenye unyevu hugeuka jiwe. Nondo na bati hustahimili kungoja mahali pakavu, kwa hiyo fedha zikija kabla ya wakati ziende huko. Kwenye bati kumbuka kwamba geji ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bei ndogo ya geji 32 huonekana dukani. Tofauti yake huonekana kwenye upepo wa kusi. Wenye viwanja vya bara watazame pia tofali za kuchoma za kwao, na kokote uliko ulizia tofali za kufungamana zinazopunguza saruji ya kujengea.

Fundi na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali methali hiyo inapolia kama kwenye ujenzi. Nunua daftari gumu. Upande mmoja andika kilichonunuliwa, tarehe, bei, duka na namba ya risiti. Upande wa pili andika kilichotumika siku hiyo: mifuko mingapi ilifunguliwa, tofali ngapi zilijengwa. Pande hizo mbili zikiacha kulingana, utajua wiki ileile.

Mtafute fundi kwa kuangalia nyumba zake za zamani, hasa zilizopigwa mvua miaka mitatu au minne. Ongea na wenye nyumba hizo. Kisha andikishaneni, hata kama ni jirani yako au binamu: kazi ni ipi, bei gani, italipwa kwa hatua zipi, nani analeta maji, nani analinda vifaa. Lipa baada ya hatua kukamilika, na ubakize sehemu ya malipo ya paa hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Lakini ukishaahidi siku ya kulipa, lipa siku hiyo. Fundi anayecheleweshewa hela hukimbilia kazi nyingine, na akirudi huwa na haraka. Mheshimu, mpe maji ya kunywa na kivuli, mwite fundi mbele ya vijana wake. Kisha kagua kazi yake kwa timazi na pimamaji bila kuona haya.

Tenga akiba ya asilimia 15 hadi 20 juu ya makadirio yote. Bei za saruji na mbao hupanda ukiwa katikati ya kazi, na usafiri wa kokoto huongezeka barabara ikiharibika. Mkopo mfupi wa riba kubwa usiutie kwenye marumaru na jipsamu. Kama kukopa ni lazima, kopa kwa ajili ya kufika kituoni, kwa mfano kumalizia bati, ambapo kusimama kungekula zaidi ya riba.

Kwa ndugu zetu mlioko Oman, Ulaya au Marekani: msimpe mtu mmoja kazi ya kupokea fedha, kununua, kusimamia na kutoa taarifa. Hata ndugu mwaminifu huelemewa akibeba yote, na mgogoro ukizuka mnapoteza nyumba na undugu pamoja. Lipeni duka la vifaa moja kwa moja, msimamizi apokee mzigo na kusaini, na mtaalamu asiyehusiana na fundi aende kukagua kila kituo kabla fedha za kituo kinachofuata hazijatumwa. Msimamizi naye alipwe ujira unaojulikana. Asiyelipwa hujilipa.

Jambo la mwisho kwenye karatasi: majina. Nyumba inayojengwa na wawili iandikwe majina ya wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenza ili nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake, lakini kinga iliyo bora ni jina lake kuwa kwenye hati. Wajane wangapi wametolewa kwenye nyumba walizobebea maji ya kufyatulia tofali, kwa sababu risiti zote zilisoma jina moja!

Hamia mapema

Ukishafunga nyumba, hamia. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inatosha. Dari inaweza kungoja, rangi inaweza kungoja, uzio unaweza kuwa wa michongoma kwa miaka kadhaa. Kodi uliyokuwa ukimlipa mwenye nyumba sasa inanunua marumaru za chumba kimoja kila baada ya miezi michache, na wewe upo kusimamia kila fundi anayeingia. Ukilala humo msimu mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, utajua maji yanapita wapi uani, mti wa kivuli uupande upande gani, na kama kweli unahitaji ile sebule ya pili. Mara nyingi utagundua huihitaji.

Wapo watakaokuuliza mbona umehamia nyumba haijaisha. Wajibu kwa upole kwamba inaisha ukiwa ndani. Tenga kila mwaka fungu la matunzo: kusafisha mifereji, kuziba ufa, kukaza bati. Lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka ili hati yako isiingie mashakani. Kodi ya jengo, tangu 2021, hukatwa kupitia umeme wa luku.

Leo jioni kaeni wawili, au kaa peke yako kama unajenga peke yako, na karatasi moja. Andikeni fedha mnazoweza kuzitenga kwa mwaka bila kugusa ada za watoto, matibabu na chakula. Kisha mwombeni fundi mzoefu awape gharama ya kufika jamvini kwa ramani mliyonayo, na mlinganishe. Mkipungukiwa fedha, punguzeni ramani au ngojeni mwaka mmoja zaidi. Kungoja kwenye karatasi hakuozeshi kitu. Zikifika jamvini, na akiba ya asilimia 15 ikabaki juu yake, mwiteni fundi aje kupima msingi.